Safu ya Mjomba: Waranti ya miaka 25, lakini ni ahadi ya nani?

Mjomba, asalaam aleikum.

Mimi ni mwalimu, nakaa Shanzu, Mombasa, na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Nyumba ni yetu wenyewe, alhamdulillahi, na bahari iko karibu: kwa miguu ni dakika nne, na nguo ukizisahau kwenye kamba usiku, asubuhi unazikuta zinanata. Stima zimetuchosha. Mama mkwe ana sukari na insulini yake lazima ikae kwenye baridi. Ramadhani iliyopita stima zilipotea magharibi siku tatu mfululizo, tukafuturu kwa tochi ya simu huku mume wangu akizunguka mtaani kutafuta barafu. Hapo ndipo tulipokata shauri kuweka sola. Sacco yetu ya walimu imenikubalia mkopo.

Nina kotesheni mbili mkononi. Vifaa ni vilevile: paneli sita za wati 550, inveta ya haibridi ya kilowati 5 (ile inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, na kuunganisha na stima za laini) na betri moja ya lithiamu ya uniti 5.12. Ya kwanza ni ya duka moja la mjini, shilingi 315,000. Muuzaji aliniambia, "Mama, hii ina waranti ya miaka 25, wewe lala usingizi." Akanionyesha kadi ya waranti, ndogo kama kadi ya mwaliko wa harusi. Mbele ina mahali pa muhuri, na "miaka 25" imeandikwa kwa penseli. Nyuma kuna maandishi madogo sana, niliyasoma kwa kuyapiga picha na kuyakuza. Yanasema waranti haihusu kuungua, kuingia maji, wadudu, wala "matumizi mabaya".

Kotesheni ya pili ni ya kampuni ndogo ya mafundi wa huku Bamburi, shilingi 398,000. Karatasi yao ya waranti ina kurasa nne. Paneli ni miaka 12 ya bidhaa na miaka 25 ya utendaji. Inveta miaka 5. Betri miaka 10 "au megawati-saa 16, lolote litakalotangulia". Kazi ya kufunga miaka 2. Mume wangu, Baba Salma, alipoiona akacheka: "Hawa wanataka tuwaongezee elfu 83 ili watupunguzie miaka?" Sikuwa na jibu.

Halafu kuna binamu yake, fundi wa stima, nusu ya nyumba za mtaa huu amezitia waya yeye. Anasema tununue vifaa dukani, atatufungia kwa 15,000. Leseni ya sola hana. Nikisita naonekana namdharau mtu wa ukoo.

Kinachonitia hofu zaidi ni yaliyompata shemeji yangu wa Likoni, mume wa dada. Miaka mitatu nyuma aliuziwa na kufungiwa mtambo na duka moja. Kadi ilisema inveta ina waranti ya miaka 2. Mwezi wa 14 inveta ikafa. Duka likamwambia waranti ni ya kiwanda, si yao. Akaituma Nairobi kwa basi, kwa pesa zake. Wiki saba baadaye ikarudi vilevile, na kijikaratasi kinachosema iliunguzwa na stima iliyokuja na nguvu nyingi, kwa hiyo waranti haipo. Mpaka leo imekaa chini ya meza, watoto wanawekea madaftari juu yake.

Mjomba, hii miaka maana yake nini? Tununue wapi? Na shemeji ndiyo basi?

Mwalimu wa Shanzu

Waaleikum salaam, mpwa wangu.

Nianze na kicheko cha Baba Salma, maana amecheka kitu ambacho watu wengi wazima na akili zao hukicheka. Soma tena karatasi ya Bamburi. Miaka 25 imo mle mle. Imeandikwa penye paneli, kwenye sehemu moja tu ya ahadi ya paneli. Mwenye duka la mjini ameichukua namba kubwa kuliko zote kwenye mtambo akaitandaza juu ya vyote, kama shuka moja juu ya vitanda vitatu. Inveta yake haina miaka 25. Betri yake haina miaka 25. Mimi sijaona kiwanda kinachotoa ahadi hiyo kwa inveta ya nyumbani ya bei hiyo. Kwa hiyo hakuna aliyekupunguzia miaka. Mmoja amekuhesabia, mwingine amekuimbia.

Sasa hiyo miaka 25 yenyewe. Paneli huja na ahadi mbili, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni ya bidhaa, ile miaka 12 yako: tabaka za paneli zikiachana, kiboksi cha nyuma kikiyeyuka, fremu ikifumuka, bila wewe kuigusa, kiwanda kinakupa nyingine. Ya pili ni ya utendaji. Hii inasema tu kwamba paneli haitazeeka kwa kasi kupita kiwango fulani. Kwa paneli nyingi za aina hii, mwaka wa kwanza inaruhusiwa kupoteza asilimia 2, halafu asilimia 0.55 kila mwaka. Piga hesabu: mwaka wa 10 paneli yako ya wati 550 inatakiwa iwe bado na uwezo wa wati 512 hivi, na mwaka wa 25 wati 466. Ikishuka chini ya hapo, una haki ya kudai.

Lakini utajuaje imeshuka? Hapo ndipo penye mchezo. Zile wati 550 zimepimwa maabara, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya mabati ya Shanzu saa saba mchana paneli inafika nyuzi 60 bila shida, na kila nyuzi moja inayozidi 25 inapunguza kama asilimia 0.35. Kwa hiyo paneli mpya kabisa, nzima, itakupa kama wati 480 mchana wa jua kali, na hiyo si hitilafu, ni joto la kwetu. Ili udai waranti ya utendaji unatakiwa upime kwa njia ambayo kiwanda kitaikubali, na kwa kawaida gharama ya kuthibitisha huanza kwako. Nimefunga sola miaka mingi na sijaona mwenye nyumba hata mmoja aliyelipwa kwa ahadi hiyo. Si uongo, ipo, ila ni ahadi ya mashamba makubwa ya sola yenye wahandisi na mawakili. Wewe wa paneli sita, macho yako yawe kwenye ile miaka 12.

Na hata hiyo miaka 12, mpwa wangu, inakuja na swali moja linaloshinda namba zote: siku kikiharibika, nani atapanda paani kwangu, na kwa pesa ya nani? Waranti ya kiwanda mara nyingi inalipa kifaa peke yake. Fundi wa kushusha, nauli ya kupeleka, fundi wa kurudisha, na siku unazokaa gizani, hayo si yake. Ndiyo maana ile mistari miwili ya Bamburi inayosema kazi ya kufunga miaka 2 mimi naiona ina uzito kuliko ile 25. Miaka miwili ya kwanza ndiyo miaka ya makosa ya ufundi: waya uliolegea kwenye breka, plagi ya paneli isiyobanwa sawasawa, tundu la paani linalovuja. Yote hayo kiwanda kitakwambia ni ya fundi wako.

Inveta ndiyo moyo, na ndiyo hufa kwanza. Ina feni, ina kapasita, inafanya kazi mchana na usiku, na stima zetu zinaipiga makofi. Miaka 5 kwa inveta ya haibridi ni kiwango cha kawaida. Waulize wote wawili maswali haya, na wakujibu kwa maandishi. Je, waranti inaanza siku ya kufungwa au siku ilipotoka kiwandani? Kuna viwanda vinavyohesabu tangu kilipopakiwa, au miezi kadhaa baada ya hapo, kwa hiyo inveta iliyolala kwenye ghala mwaka mmoja na nusu inakuja kwako imeshakula sehemu ya waranti yake. Ikiharibika watatengeneza, watabadilisha, au ni wao wa kuchagua? Inatengenezewa hapa Mombasa, Nairobi, au inarudi nje? Ikibadilishwa, hiyo mpya inapata miaka 5 mingine au ile iliyobaki tu? Kwa kawaida ni iliyobaki tu. Na wakati inatengenezwa, mtakuazima nyingine? Hili la mwisho liulize kwa sauti, kwa sababu ya insulini ya mama. Kampuni inayofunga mitambo mara kwa mara huwa na inveta ya akiba. Duka la kuuza boksi halina.

Kuhusu yale maandishi ya nyuma ya kadi, neno "wadudu" usilipite haraka. Hapa kwetu mjusi kafiri anapenda inveta kuliko anavyopenda taa, kwa sababu ndani mna joto. Anajipenyeza kwenye matundu ya feni, mkia unagusa pini mbili, na kwishney. Nimefungua inveta Kisauni nikakuta mjusi amekauka kama biskuti juu ya sakiti iliyoungua. Mwenyewe alikuwa na waranti ya miaka 5, imebaki mitatu, hakupata kitu. Mwambie fundi aiweke ukutani mbali na taa ya usiku na mbali na dari, na kama kiwanda kinaruhusu wavu mwembamba kwenye matundu, auweke. Kama hakiruhusu asiweke, maana ukiziba hewa umevunja sharti jingine.

Betri. Hapa karatasi ya Bamburi imenifurahisha, kwa sababu imekuambia ukweli ambao wengi huficha: miaka 10 au megawati-saa 16, lolote litakalotangulia. Megawati-saa 16 ni uniti 16,000, uniti zilezile unazonunua kwa tokeni. Betri yako ya uniti 5.12 ukiijaza na kuimaliza yote kila siku, ahadi inakwisha baada ya mara 3,125, yaani miaka 8 na nusu. Ukitumia uniti 4 kila usiku, inafika siku 4,000, karibu miaka 11, kwa hiyo miaka 10 itatangulia. Umeona? Miaka ya betri inategemea unavyoila. Na kabla ya kutia sahihi uliza: mwisho wa miaka hiyo, betri inatakiwa ibaki na asilimia ngapi ya uwezo? Wengi wanasema 70, wengine 60. Ikibaki 62 na karatasi inasema 60, huna dai.

Sharti la betri linalowavunja watu wa Pwani ni joto. Waranti itataja kiwango cha joto cha mahali inapokaa. Usiiweke kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, wala jikoni, wala kwenye ngazi inapopigwa na jua la jioni. Iweke chumba chenye hewa, iliyoinuliwa kutoka sakafuni. Betri za lithiamu zina kompyuta ndogo ndani inayoandika kila kitu, joto, chaji, siku ilipokauka kabisa, na siku ya kudai watasoma humo. Ukisafiri kwenda Lamu miezi miwili, usiiache tupu na breka zimeshushwa.

Sasa chumvi, na hapa nisikilize vizuri. Dakika nne kwa miguu ni kama mita 300. Viwanda vingi vya paneli vina sentensi kwenye kitabu cha ufungaji inayotaja umbali kutoka baharini. Baadhi hukataa kabisa karibu na maji, wengine huruhusu ukifuata masharti, na sentensi hiyo haimo kwenye kadi wala kwenye kotesheni. Imo kwenye kitabu ambacho hakuna anayekifungua. Waulize wote wawili: paneli hii imepita jaribio la chumvi, lile la IEC 61701, na kitabu chake kinasema mita ngapi? Wakuonyeshe ukurasa. Muuzaji aliyekwambia ulale usingizi, mwangalie usoni ukimwuliza swali hilo.

Vishikio na skrubu viwe vya chuma kisichoshika kutu. Nimeona Nyali paneli nzuri, fremu safi, imeshikiliwa na boliti za bei rahisi zilizooza ndani ya kusi mbili. Upepo ukainyanyua. Kiwanda kikasema, na hakikukosea, kwamba paneli yake haikuwa na kosa. Jambo jingine ni la kuosha. Maji ya mfereji yakikosekana watu huteka ya kisima, na visima vyetu vingi ni vya chumvi. Ukimwagia paneli maji hayo yakakaukia juani, umeipaka chumvi kwa mkono wako. Tumia maji matamu, hata ya mvua, alfajiri kioo kikiwa baridi.

Tuje kwa binamu, na nitasema polepole kwa sababu ni ukoo. Kutia waya nyumba na kufunga sola ni kazi mbili. Kwa Kanuni za sola za mwaka 2012, fundi anatakiwa awe na leseni ya mamlaka ya kawi, ambayo leo ni EPRA, na mtambo wa haibridi kama wako, unaoungana na stima za laini, ni wa daraja la juu, T3. Majina ya wenye leseni unaweza kuyatafuta kwenye tovuti yao kwa simu yako. Tatizo si sheria tu. Karatasi nyingi za waranti zinadai mtambo ufungwe na fundi aliyeidhinishwa, na siku ya kudai utaambiwa ulete namba yake. Utaokoa maelfu leo, halafu umwache binamu asimame katikati yako na duka, kila mmoja akimtupia lawama mwenzake, na wewe ukimtupia yeye. Mwambie Baba Salma amweleze hivyo: hatutaki kukuweka mahali pa kulaumiwa. Akija siku ya kufunga akashika waya na kuangalia wenzake wanavyofanya, mlipeni siku yake. Kama ni kijana mwenye hamu, mwakani aende akasomee.

Nije kwenye sheria, kwa ufupi, maana ndiyo inayogusa shemeji. Lile neno "waranti ni ya kiwanda, si yetu" wenye maduka hulisema kama aya ya msahafu. Si kweli. Wewe hukununua kutoka kiwandani. Ulimpa pesa mwenye duka, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamfunga yeye: bidhaa iwe ya ubora unaouzika na ifae kwa kazi uliyomweleza. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inaongeza kwamba haki hizo hawezi kuzifuta kwa kuandika kinyume chake kwenye karatasi yake. Waranti ya kiwanda ni nyongeza juu ya haki yako, haikuiondoa.

Shemeji wa Likoni basi hajaachwa na feri. Madai ya mkataba yana muda wa miaka 6, na yeye yuko mwaka wa tatu. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza kesi za mpaka shilingi milioni 1, iko Mombasa, hahitaji wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Lakini asikurupuke. Kwanza aandike barua kwa duka, abaki na nakala, awape siku 14. Halafu kuna swali litakaloamua kila kitu: nani alifunga, na je, alifunga kinga ya mshtuko wa stima, ile ya kuzuia stima inayokuja na nguvu nyingi, na waya wa ethi wa kuipeleka ardhini? Kama ni duka lilelile lililouza na kufunga, na kinga halikuweka, basi "stima ilikuja na nguvu" si utetezi wake, ni ushahidi dhidi yake. Kama liliweka na shemeji baadaye aliruhusu mtu mwingine kuchokoa boksi, kesi ni dhaifu, na bora ajue mapema.

Hilo hilo wewe lichukue kama somo la kinga. Kwenye kotesheni zote mbili tafuta mstari wa kinga ya mshtuko, upande wa paneli na upande wa stima, na mstari wa ethi. Kama duka la 315,000 halina mistari hiyo, sehemu ya zile elfu 83 imeshajieleza.

Kuhusu karatasi nitasema kwa uchungu kidogo, maana nami nimeumia. Mtambo wangu mwenyewe, pale Tudor, niliufunga kwa haraka kabla ya mvua. Namba za siriali za paneli huwa nyuma, kwenye kibandiko, na ukishafunga paneli juu ya mabati nyuma hakuonekani tena. Miaka minne baadaye paneli moja ikaanza kuungua kwenye kiboksi. Nikatakiwa namba. Mimi fundi mzima nikapanda kufungua paneli na boliti zake zilizogandamana ili kusoma kibandiko ambacho jua na unyevu vilikuwa vimekifuta nusu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nilikuwa nawaambia watu hivyo kila siku. Kwa hiyo kabla paneli haijapanda, piga picha kila kibandiko, sita zote, na cha inveta, na cha betri. Jitumie mwenyewe, mtumie na dada.

Risiti iwe ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, yenye jina la biashara na orodha ya vifaa na namba zake, si meseji ya M-Pesa iliyokwenda kwa namba ya mtu. Waranti iandikwe kwa kalamu ya wino kwenye karatasi yenye jina la kampuni, muhuri unaosomeka, tarehe ya kufunga. Kuandikia mate wino ungalipo, na huyu wa mjini hata mate hakutumia, katumia penseli! Wala usilipe zote mbele. Bakisha kiasi, asilimia 10 hivi, mpaka mtambo umewashwa, umezimiwa stima za laini mbele yako, na friji ya mama imeendelea kunguruma.

Ununue wapi? Mimi ningekwenda Bamburi. Lakini kwanza rudi kwa duka la mjini na karatasi ya kurasa nne mkononi, uwaombe waandike yao hivyo hivyo, kifaa kwa kifaa, pamoja na ufungaji wa fundi mwenye T3, kinga, na vishikio visivyoshika kutu. Wakiandika na kupiga muhuri, na bei ikabaki karibu na 315,000, nitafuta maneno yangu na uwape wao kazi. Nadhani bei itapanda mpaka utabasamu, au karatasi haitaandikwa.

Na kama 398,000 inaubana mkopo, usipunguze inveta wala betri. Waambie Bamburi waanze na paneli nne badala ya sita, waache nafasi na waya tayari kwa mbili za baadaye. Paneli mbili unaweza kuziongeza mwaka ujao, mradi fundi ahakikishe zinaendana na hizo nne. Muulize tu mapema kama kuongeza kutagusa waranti, na jibu liongezwe kwenye ukurasa wa nne.

Shemeji aniletee picha ya kijikaratasi cha Nairobi, picha ya kadi yake pande zote mbili, na picha ya boksi la breka likiwa wazi, hata kama vumbi limejaa. Nataka kuona kama kinga ya mshtuko iliwahi kufungwa mle. Na hiyo inveta aitoe chini ya meza, asiifungue, asimpe mtu aichokoe. Madaftari yatafutiwe mahali pengine.

Mjomba